Marejeo ni ngamani: hesabu ya kurudi kwa wanaoanza bahari Tanga

Asubuhi ya bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, pale Deep Sea, bahari humpokea mgeni kwa upole sana. Umande, ule upepo wa asubuhi, unavuma kutoka bara, laini, hauinui hata povu. Maji yamekuwa yakipwa tangu alfajiri na yanatoka ghubani kuelekea mashariki. Ukitweka tanga saa 12, chombo kinateleza chenyewe. Kabla ya saa 2 Kisiwa cha Toten kimebaki nyuma, Ras Kazone imepita mkono wa kulia, na anayeanza bahari anajiona ameshaweza. Hajaweza. Amebebwa na vitu viwili, upepo na maji, na vyote viwili vina saa yake ya kugeuka.

Wahenga wa pwani wana methali: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele. Ngama ni ile sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo, maji yanakokusanyika na mtu anakokaa na kata kuyafua. Utatembea mbele na nyuma ya chombo utakavyo, mwisho utashuka huko. Mimi naichukua methali hii kwa maana yake ya chombo hasa, kwa sababu ninavyoona, vijana wengi wanaohitaji kuokolewa hawakukutana na tufani. Walitoka bila kufanya hesabu ya kurudi. Makala haya ni ya hesabu hiyo, na ya mambo ya kufanya pale ilipokosewa.

Saa za maji

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, kila badiliko likichukua zaidi kidogo ya saa 6, na kila siku nyakati husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Hapa Tanga, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa mnamo saa 10 alfajiri na saa 10 alasiri, na hupwa mnamo saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Siku moja au mbili baada ya hapo bamvua huwa kali kuliko zote. Wiki moja baadaye mwezi ni nusu na nyakati zimepinduka: maji yamejaa saa 4 asubuhi, yamepwa saa 10 alasiri, na hayo ni maji mafu, hayana kani. Anayejua tarehe ya mwezi anapata makadirio haya bila simu. Jedwali la maji ni bora zaidi, na siku hizi lipo kwenye simu, basi litazame usiku wa kuamkia safari.

Katika bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa huzidi mita 3, na hayashuki kwa mwendo mmoja. Chukua tofauti ya mita 3.6. Saa ya kwanza maji hushuka sentimita 30, ya pili 60, ya tatu 90, ya nne 90, ya tano 60, ya sita 30. Saa mbili za katikati peke yake huondoa mita 1.8, kimo cha mtu mzima. Anayetia nanga juu ya fungu la mchanga karibu na Yambe akashuka kuogelea, akirudi anakuta chombo kimelala ubavu. Amepwelewa. Kupwelewa mchangani bahari ikiwa shwari si msiba: peleka nanga upande wa maji mengi, kaa kivulini mwa tanga, subiri. Kupwelewa kwenye matumbawe wimbi likipiga ni jambo jingine kabisa, kwa sababu kila wimbi hukinyanyua chombo na kukitua juu ya mwamba, na ubao wa inchi moja hauvumilii mapigo mengi. Hapo una dakika chache. Tua tanga kwanza, usijaribu kuondoka kwa tanga. Watu wote wahamie upande uliogota pungufu, upondo usukume kurudi njia uliyojia na si mbele, na nanga itupwe kule kwenye kina ili mvute kwa kamba. Ukigota wakati maji yanajaa, bahari itakusaidia. Ukigota saa ya tatu ya maji kupwa, kila dakika inakunyima sentimita moja na nusu ya maji.

Sasa rudi kwa kijana wetu wa asubuhi ya bamvua. Maji yatageuka saa 4 na nusu hivi na kuanza kuingia ghubani hadi saa 10 na nusu alasiri. Upepo wa bahari nao utaanza kabla ya adhuhuri na kukaza hadi alasiri, ukielekea bara. Kwa hiyo mlango wake wa kurudi uko wazi kuanzia saa 5 hadi saa 10: maji yanamwingiza na upepo unamwingiza. Akichelewa mpaka saa 11 jioni mambo yanamgeuka. Maji ya bamvua yameanza kutoka ghubani na yanazidi kukaza, upepo bado unavuma kuingia, na viwili hivyo vikikutana uso kwa uso mlangoni, wimbi lililokuwa refu na la upole linasimama, linakuwa fupi na la ngazi, linalovunjika ndani ya chombo. Mahali palepale alipopita asubuhi akiimba. Kwenye mlango wa mto Pangani hali hii ni mbaya zaidi, kwa sababu mto nao unaongeza maji yanayotoka na chini kuna fungu linaloinua wimbi. Wakati wa kusi, upepo wa kusini, maji yakipwa, mlango wa Pangani haumfai anayejifunza.

Anza na upande mgumu

Kusi huvuma kutoka Aprili hadi Septemba na nguvu yake hasa ni Juni na Julai. Meli ya abiria MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe tarehe 18 Julai 2012, katikati ya kusi, na ile ilikuwa meli ya injini. Kaskazi huvuma Desemba hadi Machi. Kati yake kuna maleleji na tangambili, miezi ya upepo usio na msimamo, mizuri kwa kujifunzia kama unaepuka mawingu ya mvua.

Tanga la pembetatu la ngalawa na mashua zetu halikabili upepo kwa karibu. Nahodha mzuri mwenye tanga jipya atakwenda kwenye pembe ya digrii 60 hivi na upepo. Mwanafunzi hafiki hapo. Digrii 60 maana yake ni kwamba ili usogee maili 1 dhidi ya upepo, ukibisha, yaani ukienda mshazari huku na huku, unasafiri maili 2. Fanya hesabu ya kijana aliyetoka wakati wa kusi, akateremka na upepo kuelekea kaskazini, akapita Ulenge, akafika maili 5 kutoka alikotoka (maili ya bahari ni mita 1,852). Alifika kwa saa moja na kitu, raha tupu. Kurudi ni kubisha: maili 10 za kusafiri. Chombo chake kinakwenda maili 3 kwa saa, kwa hiyo faida yake dhidi ya upepo ni maili 1.5 kwa saa. Nje ya miamba kuna mkondo unaoelekea kaskazini karibu mwaka mzima, na wakati wa kusi unakaza. Tuseme siku hiyo ni wa maili 1 tu kwa saa. Toa. Imebaki nusu maili kwa saa. Maili 5 zitamchukua saa 10, kama hakosei hata pindo moja, kama hachoki, kama haiingii giza. Mkondo ukiwa wa maili 2, harudi kabisa. Anabisha mchana kutwa na mnazi ule ule unazidi kusogea mbali, na usiku unamkuta anaelekea maji ya Kenya.

Dawa yake ni rahisi na inafanyika nchi kavu. Wakati wa kusi anza kwa kwenda kusini, upande wa Yambe na Karange. Wakati wa kaskazi anza kwa kwenda kaskazini. Ukishindwa kubisha utashindwa ungali karibu, na utageuka urudi na upepo mgongoni. Anayejifunza asitoke nje ya miamba mpaka awe amebisha ndani ya ghuba kutoka Toten mpaka Ras Kazone na kurudi, mara kadhaa, upepo ukiwa wa alasiri. Na ule mkondo wa Pemba, yaani bahari iliyo kati ya bara na kisiwa cha Pemba, ambao kina chake ni mamia ya mita na nanga haigusi chini, si mahali pa kwenda kupima uwezo.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari pale upepo unapotarajiwa kuzidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi kuzidi mita 2. Watu husoma tangazo hilo kinyumenyume: hakuna tahadhari, basi bahari nzuri. Hapana. Kiwango hicho kinawagusa hata wenye vyombo vikubwa. Kwa anayeanza mimi naweka mpaka wa nusu yake, kilomita 20 kwa saa. Kwa macho ni hivi: ukiona vichwa vyeupe vya povu vimeanza kutapakaa nje ya Ras Kazone, siku yako ya kujifunza imekwisha.

Fundo la demani

Kuna kosa moja ninaloliogopa kuliko mengine yote, na linafanywa kwa mkono mmoja. Demani ni kamba inayoshika kona ya nyuma ya tanga. Ukiivuta tanga linakaza, ukiilegeza upepo unamwagika. Upepo ukitulia, mkono unachoka kuishika, na mwanafunzi anaifunga kwenye boriti fundo la kawaida, mafundo mawili juu yake kwa usalama. Kamba inalowa, inabana. Kisha linakuja pigo la upepo kutoka chini ya wingu, chombo kinalala, watu wanaangukia upande wa chini na kuongeza uzito palepale, na mtu mmoja anahangaika na kucha kwenye fundo lenye mvuto wa tanga zima. Halifunguki. Maji yanapita juu ya ubao wa pembeni, na chombo kilichojaa maji hadi nusu hakiinuki tena.

Demani huzungushwa kwenye boriti mara moja au mbili na mwisho wake hubaki mkononi. Msuguano wa mzunguko unabeba uzito, mkono unashika tu. Ikilazimu kuifunga, funga kitanzi cha kufunguka kwa mvuto mmoja, kama unavyofunga kamba ya kiatu upande mmoja, na ukivute ujaribu kabla ya kukiamini. Henza, ile kamba inayopandisha foromali, nayo ni hivyo hivyo: mwisho wake uwe umekunjwa juu juu, haukaliwi na mtu, haukufunikwa na nyavu, ili siku ya siku tanga lishuke kwa sekunde tano. Pigo likija, mpangilio ni huu: legeza demani, elekeza omo kwenye upepo, halafu tua tanga. Mwanafunzi hufanya kinyume, anavuta kana, ule mkono wa usukani, ili aukimbie upepo na demani ikiwa imekaza. Chombo kinapokea upepo wote ubavuni. Na kisu kiwe kimefungwa kwa kamba karibu na anayeshika usukani, mahali ambapo hata chombo kikipinduka mkono utakipata.

Kwenye ngalawa, tazama pia ndubi, zile mbao za pembeni zinazoizuia isilale, na mirengu yake, miti inayozishika, kabla ya kushuka majini. Shika mrengu uutikise kwa nguvu. Kamba zikilia au zikicheza, zifungwe upya. Ndubi ikikatika upande ulio chini ya upepo, ngalawa inaweza kupinduka kabla hujatamka neno, na wengi hawajui kwamba unaweza kuokoa hali kwa kuhamisha watu wote haraka upande wa pili na kutua tanga.

Maji ya ngamani ni ya kufuliwa mapema. Lita 100 ni kilo 100, sawa na abiria mmoja mnene, lakini abiria huyu anakimbilia kila upande chombo kinakolala. Chombo cha mbao kilichokaa juu nchi kavu wiki kadhaa hukauka na mishono kufunguka, hata kama kalafati ni nzuri. Kiwekwe kwenye maji ya kina kifupi siku moja kivimbe kabla ya safari. Beba makata mawili, maana moja huelea likaenda zake. Dumu la lita 5 lililokatwa mdomo kwa mshazari linafaa sana, likifungwa kamba.

Wenye boti za faiba na mashine nao wana ngama yao, nayo ni tangi. Gawa mafuta mara tatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi haiguswi. Mashine ya nguvu farasi 40 ya viharusi viwili ikikimbizwa mpaka mwisho hunywa karibu lita 18 kwa saa, na dhidi ya wimbi unatumia zaidi kwa mwendo mdogo. Kwa mashine nyingi za namna hiyo uwiano wa petroli na oili ni 50 kwa 1, yaani mililita 400 kwa lita 20, ila fuata maandishi ya mtengenezaji. Vitu vinavyozima mashine baharini ni vilevile kila mara: maji ndani ya petroli, plagi iliyolowa oili, tundu la hewa la tangi lililosahauliwa limefungwa, mfuko wa nailoni uliojizungusha kwenye pangaboi. Plagi mbili mpya, spana yake, kitambaa kikavu na pini ya pangaboi havijazi hata kikopo cha maziwa. Mashine inapowaka, tazama maji yanayotoka kwa nyuma kama mkojo wa mtoto. Yakikatika, izime mara moja, pampu haivuti maji na mashine inaungua. Na mashine ikigoma karibu na miamba, nanga inakwenda majini kabla hujafungua kifuniko kutafuta ugonjwa. Kamba ya nanga iwe mara 5 ya kina, mara 7 upepo ukiwa mkali, na kina kihesabiwe cha maji yakijaa: mita 2 za sasa zikiongezeka mita 3 ni mita 5, basi kamba ni mita 25 hadi 35. Kamba ya mita 10 haishiki kitu, inaning'iniza nanga.

Kuita

Aibu ndiyo inayochelewesha wito. Kijana anaona maji yanaingia saa 9 alasiri, anasema tujaribu kwanza, tujaribu tena, na anapiga simu saa 12 na nusu jioni giza likishika. Saa tatu na nusu zimepotea, na mwanga wote. Boti inayotoka saa 9 inatafuta chombo chenye tanga. Inayotoka saa 1 usiku inatafuta kichwa cha mtu majini, na mkondo wa maili 2 kwa saa umeshamhamisha maili 8. Ita wakati bado una shaka. Ukijiokoa mwenyewe, piga tena useme umeokoka, hakuna atakayekulaumu.

Kabla ya kutoka, mtu mmoja nchi kavu awe na karatasi: majina ya waliomo, rangi ya chombo na tanga, mnakwenda wapi, saa ya kurudi, na saa ambayo asipowasikia aanze kupiga simu. Kwenye karatasi hiyo hiyo ziwe namba za viongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi) wa diko lako, polisi wanamaji na ofisi ya TASAC, ambayo ndiyo yenye dhamana ya usalama wa vyombo vya majini Tanzania Bara na ndiyo inayowasiliana na kituo cha uratibu wa uokoaji majini kilichoko Dar es Salaam. Lakini tusijidanganye: anayefika kwanza karibu siku zote ni mvuvi mwenye mashine kutoka diko la jirani. Kwa hiyo namba yake ndiyo ya juu kabisa.

Simu ikae ndani ya mfuko usiopitisha maji, imefungwa shingoni. Mtandao ukiwa hafifu ujumbe mfupi hupita pale sauti isipopita. Andika kwa mpangilio: mahali, tatizo, idadi ya watu, sura ya chombo. Mwenye redio ya baharini aite chaneli 16: neno mayday mara tatu, jina la chombo mara tatu, kisha mambo yale yale. Redio ya mkononi kutoka chombo kifupi kwenda chombo kifupi hufika maili 5 hivi, basi simama unapoita.

Kuhusu mahali, kuna kosa dogo linalopoteza watu. Simu inaonyesha latitudo kwa namna mbili. Ikiandika 5.07, hiyo ni digrii yenye desimali, na ukiigeuza ni digrii 5 na dakika 4.2. Ukiisoma kwa sauti "tano, sifuri saba", anayepokea ataandika digrii 5 na dakika 7, na kwa kuwa dakika moja ya latitudo ni maili moja ya bahari, waokoaji watakwenda karibu maili 3 kusini mwako. Sema neno "desimali" au sema neno "dakika". Na ongeza kitu cha macho: mnara wa taa wa Ulenge unauona upande gani, Ras Kazone iko wapi.

Kungoja

Chombo kikipinduka, hesabu vichwa kwanza, kwa sauti, kila mtu ataje jina lake. Aliyekosekana pengine yuko chini ya tanga. Inua kitambaa kwa mkono juu ya kichwa upate hewa, ufuate mshono mpaka ukingoni. Kisha kata henza, toa tanga majini, maana tanga lililojaa maji linakishika chombo kama nanga. Ngalawa inaweza kurudishwa: toa mlingoti, igeuzeni, halafu isukumeni mbele na nyuma kwa mshtuko ili maji yamwagike kwenye ncha, mpaka mmoja mwepesi aweze kuingia na kufua. Ikishindikana, kaeni nayo. Mbao huelea.

Hapa ndipo wanapopotea wenye nguvu. Pwani inaonekana, minazi inahesabika, na kijana anayeogelea vizuri anasema nakwenda kuleta msaada. Macho yaliyo juu ya maji kwa sentimita 20 hayawezi kupima umbali, na minazi inayoonekana karibu iko kilomita 5. Muogeleaji wa kawaida anakwenda kilomita 2 kwa saa akiwa hajachoka, na mkondo wa maili 2 ni kilomita 3.7 kwa saa. Anaogelea kwenda magharibi na anafika kaskazini, au hafiki. Waokoaji nao wanaona chombo, hawaoni kichwa. Asiondoke mtu.

Jaketi la kujiokolea livaliwe nchi kavu na kufungwa kamba zote, kwa sababu majini halivaliki. Lijaribu: lizamishe kwenye maji saa nzima, kisha libonyeze chini uliachie. Likipanda polepole, sponji yake imekunywa maji, tupa. Dumu tupu la lita 20 lenye kifuniko linabeba karibu kilo 20, linatosha kichwa cha mtu kukaa juu, lakini linateleza mikononi likiwa na maji na oili. Lifunge kitanzi cha kamba cha kupitisha mkono hadi kwapani. Maji yetu ni ya vuguvugu, hata hivyo usiku kucha yanaiba joto, basi kumbatianeni, watoto katikati, magoti kifuani. Msinywe maji ya chumvi hata tone. Maji ya kunywa ni lita 3 kwa kila mtu hata kama safari ni ya nusu siku, na yasijazwe dumu mpaka juu, ili likianguka lielee.

Mchana kioo au kisahani cha CD kinaangaza mbali sana. Nyoosha vidole viwili kuelekea boti, pitisha mwanga katikati yake. Fataki nyekundu ya mkononi huwaka kama dakika moja tu, basi usiiwashe kwa matumaini. Subiri usikie mashine au uone taa, uishike upande wa chini ya upepo, mkono nje ya ubao. Bila fataki, simama uinue mikono yote miwili pembeni na kuishusha taratibu, tena na tena. Kupunga mkono mmoja kwa haraka kunafanana na salamu, na wavuvi watakupungia wapite.

Boti ikifika, aliye majini achukuliwe kwanza na mashine ikiwa imezimwa, si kuwekwa kwenye gia huru tu. Kamba ya kuvutwa isifungwe kwenye pete ya omo iliyopigiliwa misumari miwili, itang'oka na ubao wake. Ifungwe chini ya mlingoti, shinani, kisha ipitishwe omo ikiwa imezungushiwa kitambaa isikatike kwa kusuguana. Urefu uwe wa kutosha vyombo viwili kupanda wimbi kwa pamoja na kushuka pamoja, mita 30 na zaidi nje ya ghuba. Watu wakae nyuma ili omo iinuke, mmoja ashike usukani akifuata kisogo cha boti, mwingine ashike kisu. Mwendo ni wa mtu anayetembea haraka. Mwokoaji akikimbiza, mpigie filimbi, kwa sababu ngalawa ikivutwa kwa kasi ndubi huchimba maji na kupinduka upya.

Mkifika, mwokoaji ameunguza mafuta yake na ameacha nyavu zake baharini. Mjazie tangi bila kungoja aombe, na umwite kwa heshima, nahodha, hata kama ni mdogo kwako. Kisha muulize ameona nini. Yeye aliona chombo kwa nje: tanga lilikuwa limekaza namna gani, watu walikuwa wamekaa wapi, mlikuwa mmeinamia upande gani. Mkae usiku huo huo, kabla maneno hayajapambwa, muandike saa ya kutoka, saa ya maji kugeuka, saa ya upepo kubadilika, saa ambayo mtu wa kwanza alisema "turudi" na nani alimkatalia. Halafu saa ya wito. Pengo kati ya hizo mbili za mwisho lipigieni mstari. Kesho yake, kabla chombo hakijarudi majini, fundo la demani lijaribiwe likiwa limelowa, kata la pili lifungwe kamba, na dumu lipate kitanzi chake.